Jina Moja, Mito Miwili: Tulijue Bara Letu Tukiwa Hapa Tunduma

Shukurani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyeitandaza ardhi, akaisimamisha milima na akaipitisha mito. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi wetu, katika toleo hili tumeonelea tuizungumzie ardhi tunayoikanyaga: milima yake, mabonde yake na mito yake. Huenda mtu akauliza, jarida la madrasa lina shughuli gani na jiografia? Jibu lake liko wazi. Katika Suratul Ghaashiya, Mwenyezi Mungu anatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa na ardhi jinsi ilivyotandazwa. Mwenye kuamrishwa kutazama hawezi kupita amefumba macho. Nasi tulioko Tunduma tumewekwa mahali pazuri sana pa kutazamia, kama tutakavyoona, Inshaallah.

SWALI LA DARASANI

Kila mwaka tunapofika katika mlango wa tahara, wanafunzi hukariri maji saba yanayofaa kutawadhia: maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Wakishayakariri, hakosi mmoja wao kuuliza: "Ustadh, maji haya tukishatawadha yanakwenda wapi?"

Fiqhi inalo jibu lake, nalo ni hukumu ya maji yaliyokwisha kutumika. Lakini mtoto huyu mara nyingi anauliza jambo jingine. Anayaona maji yakitoka barazani, yakiingia mferejini na kupotea mtaani, naye anataka kujua mwisho wa safari yake. Hilo ni swali la jiografia, na kwa mkazi wa Tunduma jibu lake ni la ajabu. Katika eneo letu, matone mawili ya mvua iliyonyesha saa ile ile yanaweza kuanguka jirani kabisa, kisha moja likaenda Bahari ya Hindi na jingine likaenda Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa Afrika. Na la tatu huenda lisiione bahari kabisa.

SONGWE NI IPI?

Tuanze kwa kuondoa utata wa jina. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Ndani ya mkoa ipo pia Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake ni Mkwajuni. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, upo Mkoa wa Mbeya. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mito inayoitwa Songwe ni miwili, na kila mmoja umeupa mgongo mwenziwe.

Mto Songwe wa kwanza ni wa Nyasa. Huu unatoka katika milima ya Ileje na maeneo ya jirani, unaelekea mashariki kwa kiasi cha kilometa 200, ukiwa ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi, kisha unamwaga maji yake katika Ziwa Nyasa upande wa Kyela. Msafiri anayevuka kwenda Malawi kupitia Kasumulu anapita juu ya daraja la mto huu.

Mto Songwe wa pili ni wa Rukwa. Huu unaanzia upande wa milima ya Mbeya na Uporoto, unakatwa na barabara kuu itokayo Mbeya kuja kwetu, kisha unageukia kaskazini magharibi na kuteremka hadi Ziwa Rukwa.

Watu wengi, hata waliosoma, huichanganya mito hii miwili na kudhani ni mmoja. Mwanafunzi mpendwa, shika kanuni hii: jina la mto linaweza kukudanganya, lakini mteremko haudanganyi. Ukitaka kuujua mto, ufuate unakokwenda.

MGONGO WA MAJI

Tazama paa la nyumba. Juu kabisa pana mstari ambapo mabati ya pande mbili yanakutana. Mvua ikinyesha, maji yaliyoangukia upande huu yanateremka huku, na yaliyoangukia upande ule yanateremka kule. Ardhi nayo ina mistari kama hiyo. Wataalamu huiita mgawanyo wa maji, na sisi tunaweza kuiita mgongo wa maji.

Tunduma na Nakonde zimekaa juu ya mgongo wa namna hiyo. Nchi yetu hapa imeinuka zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai baridi yake huuma, na mwenye kutawadha kwa ajili ya Alfajiri anahitaji subira. Angalia pia mpaka wetu: Kasumulu watu huvuka mto, bali Tunduma watu huvuka barabara. Hakuna mto wa kuvuka kwa sababu tuko juu, mahali ambapo mito inazaliwa.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la adha tunayoijua sote. Watu husema, vipi mji wetu uhangaike na madumu ya maji ilhali mito mikubwa inaanzia maeneo haya haya? Sababu moja ni hii ya maumbile. Kwenye chanzo, mto ni kijito tu. Maji hayakai mgongoni, bali hukimbilia bondeni. Anayekaa darini huyaona maji kwanza, lakini asipoweka chombo cha kuyakinga, hayapati tena.

SAFARI TATU ZA MAJI

Safari ya kwanza: kwenda Bahari ya Hindi

Tone lililoanguka Ileje linaingia Songwe ya Nyasa na kufika ziwani. Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilometa 580 na kina cha meta 700 hivi. Uso wake upo kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake imezama chini kuliko uso wa bahari. Upande wa kusini ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Shire. Mto huu unapita Malawi, unaporomoka katika majabali na kuzungusha mitambo inayoipatia nchi hiyo sehemu kubwa ya umeme wake, kisha unaungana na Mto Zambezi ndani ya Msumbiji. Hapo maji yetu yanakutana na maji yaliyokwisha kupita katika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yenye kimo cha meta 108, na kwa pamoja yanaingia Bahari ya Hindi.

Isidhaniwe kuwa mlango ule wa Shire uko wazi siku zote. Kati ya takriban mwaka 1915 na 1935 ziwa lilipungua hata likawa halitoi maji kwenda Shire. Kwa hiyo maji yanayotoka katika vilima vyetu si jambo dogo kwa walioko chini.

Upande wa Zambia, kwenye milima ya Mafinga, unaanzia pia Mto Luangwa. Nao unakwenda kuungana na Zambezi kwa njia yake nyingine.

Safari ya pili: kwenda Bahari ya Atlantiki

Sasa tuvuke kwenda Nakonde na tuteremke kusini magharibi. Vijito vya upande ule vinaelekea Mto Chambeshi. Waliosafiri kwa treni ya TAZARA kwenda Kapiri Mposhi wameuvuka mto huu baada ya kupita Kasama. Ukiutazama unaelekea kusini, utadhani unaifuata Zambezi. Lakini sivyo! Chambeshi inaingia katika Ziwa Bangweulu na mabwawa yake. Inatoka ikiitwa Luapula, ambayo ni mpaka wa Zambia na Kongo, nayo inaingia Ziwa Mweru. Inatoka tena ikiitwa Luvua, inaungana na Lualaba, na mwisho inakuwa Mto Kongo wenyewe. Mto Kongo una urefu wa kilometa 4,700 hivi, unavuka mstari wa Ikweta mara mbili, na kwa wingi wa maji duniani unatanguliwa na Amazon peke yake.

Kwa maneno mengine, chanzo cha mbali kabisa cha Mto Kongo kiko katika nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, jirani na sisi. Mlango wake uko zaidi ya kilometa 2,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka.

Chambeshi iliwahi kumkosesha njia msafiri mashuhuri. David Livingstone aliuvuka mto huu Januari 1867. Ramani alizokuwa nazo na mfanano wa majina Chambeshi na Zambezi vilimfanya adhani kuwa ni sehemu ya Zambezi. Alipogundua kosa lake akaangukia jingine, akaamini kwamba Lualaba huenda ndiyo Nile. Alifariki mwaka 1873 kusini ya Bangweulu hali bado anatafuta. Jambo hilo lilipata ufumbuzi mwaka 1877, pale Stanley alipoufuata mto ule hadi karibu na Atlantiki. Na tukumbuke kuwa Stanley hakwenda peke yake. Waliobeba mizigo na kupiga makasia wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar na mrima, na Tippu Tip, mfanyabiashara wa Kizanzibari, alimsindikiza sehemu ya njia kutoka Nyangwe.

Safari ya tatu: isiyofika baharini

Tone la tatu limeangukia upande wa kaskazini wa mgongo wetu, au katika nyanda za Mbozi. Hili linaingia Mto Momba au Songwe ya pili, nalo linateremka. Mwenye kutoka Mbozi kwenda Kamsamba anaujua mteremko huo. Unaiacha migomba na mibuni kwenye baridi, na mara unajikuta katika joto la bonde, mahali pa mpunga na ng'ombe. Umeshuka zaidi ya meta 600, maana Ziwa Rukwa liko kiasi cha meta 800 tu juu ya usawa wa bahari.

Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Mito inaingia na hakuna mto unaotoka. Maji yake yanaondoka kwa njia ya jua tu, yakigeuka mvuke. Mvuke huo huacha nyuma chumvi na magadi, na ndiyo maana maji ya ziwa hili si matamu kama ya Nyasa. Kwa kuwa ziwa lenyewe lina kina kifupi, ukubwa wake hubadilika sana kufuatana na mvua. Mwaka 1929 urefu wake ulikadiriwa kuwa kilometa 50 hivi, na miaka 10 baadaye ulikadiriwa kufika kilometa 128.

Maziwa ya namna hii yako mengine Tanzania, kama Eyasi, Manyara na Natron. Katika bara zima tunalo pia Ziwa Chad, na Mto Okavango unaoishia mchangani huko Botswana.

NI NINI KILICHOIPASUA NCHI?

Kwa nini maji ya mahali pamoja yaende njia tatu? Sababu kubwa ni Bonde la Ufa.

Gamba la dunia si kipande kimoja, bali ni mabamba makubwa yanayosogea polepole sana. Afrika ya Mashariki inavutwa kuachana na sehemu nyingine ya bara kwa kiasi cha milimeta chache tu kwa mwaka. Ardhi ikivutwa pande mbili hupasuka, kipande cha katikati huzama, na kingo zake hubaki juu kama kuta. Penye kuzama maji hujaa, likawa ziwa. Ndivyo yalivyopatikana Tanganyika, Nyasa na Rukwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na duniani linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake.

Eneo la Mbeya ni njia panda ya ufa huu. Bonde la Rukwa linatoka kaskazini magharibi, la Nyasa linatoka kusini, na la Usangu linatoka kaskazini mashariki, na yote yanakutana hapo. Nyanda za Mbozi ni kipande kilichobaki juu kati ya mabonde yaliyozama. Penye njia panda hiyo, moto wa chini ulipata upenyo na kujenga mlima Rungwe, wenye meta zipatazo 2,960, na jirani yake Kyejo, ambao ulitoa lava takriban miaka 200 iliyopita. Hata chemchemi za maji ya moto zilizoko bonde la Songwe ni dalili kwamba chini bado kuna joto.

Tusisahau kuwa kazi hiyo haijakwisha. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea tetemeko kubwa upande wa Rukwa, ambalo huhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 20. Desemba 2009 matetemeko mfululizo yalibomoa nyumba Karonga, ng'ambo ya Songwe. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi.

SURA YA BARA ZIMA

Sasa tunaweza kulitazama bara lote. Afrika ina ukubwa wa kilometa za mraba zinazokaribia milioni 30.3, nayo ni ya pili kwa ukubwa baada ya Asia. Umbo lake tulifananishe na sinia lililofudikizwa. Sehemu kubwa ni nyanda za juu zilizo tambarare, na karibu na pwani nchi inateremka kwa ghafla.

Sinia hilo halikulala sawa. Upande wa mashariki na kusini umeinuka, na upande wa kaskazini na magharibi uko chini. Ethiopia ina milima inayopita meta 4,500. Kwetu Tanzania upo Kilimanjaro, meta 5,895, mrefu kuliko yote Afrika. Kusini iko safu ya Drakensberg. Upande wa chini iko Sahara, yenye kilometa za mraba milioni 9 hivi, na mpakani mwake kaskazini magharibi imesimama milima ya Atlas.

Mito mikuu ya bara letu ni hii:

1. Nile, kilometa 6,650 hivi. Tawi lake jeupe linatoka Ziwa Viktoria pale Jinja, na la buluu linatoka Ziwa Tana nchini Ethiopia. Yanakutana Khartoum na kwenda Bahari ya Mediterania. Tuelewe kuwa maji ya Tunduma hayaingii Nile kabisa.

2. Kongo, kilometa 4,700 hivi, kwenda Atlantiki.

3. Niger, kilometa 4,180 hivi. Unaanzia milima ya Guinea, kiasi cha kilometa 240 tu kutoka Atlantiki. Lakini unaipa bahari mgongo, unakwenda hadi ukingoni mwa Sahara karibu na Timbuktu, kisha unageuka na kurudi baharini kupitia Nigeria.

4. Zambezi, kilometa 2,570 hivi, kwenda Bahari ya Hindi.

Kwa kuwa mito hii inatoka juu ya sinia, haina budi kuporomoka kabla ya kufika pwani. Kongo ina maporomoko mengi baada ya Kinshasa, na Nile ina yake kati ya Khartoum na Aswan. Jambo hilo limeandika historia yetu. Jahazi lililotoka Maskati au Kilwa lilifika pwani, lakini halikuweza kupanda mto hadi bara. Kwa hiyo Uislamu ulifika huku ndani kwa miguu, kwa njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na majahazi yakaundwa tena kwenye maziwa. Katika karne ya 19 watu wa pwani walivuka Ziwa Nyasa na kuweka makazi Nkhotakota, ambako Waislamu wapo hadi leo. Hatufichi kwamba katika misafara ile ilikuwemo pia biashara ya kuuza watu, dhulma kubwa ambayo hatuna haki ya kuipamba.

WANAZUONI WETU NA RAMANI

Waislamu wa zamani waliitumikia sana elimu hii. Al-Idrisi alikamilisha ramani yake maarufu mwaka 1154 huko Palermo, Sicily. Ndani yake aliuchora mto Nile ukitoka kwenye maziwa chini ya milima, mamia ya miaka kabla ya Wazungu kuyaona maziwa hayo. Tena aliiweka kusini juu na kaskazini chini! Mwanafunzi asidhani kwamba ramani ina upande mmoja tu wa kushikwa.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1352 alivuka Sahara kwenda Mali, akauona mto Niger na kuuandika kuwa ni Nile. Kosa lake ni ndugu wa kosa la Livingstone. Wote wawili walikuwa hodari, na wote wawili waliukuta mto katikati ya njia bila kuufuata hadi mwisho wake. Tunajifunza kuwa hodari naye hukosea, na dawa ya kukosea ni kuendelea kuchunguza. Wallahu aalam ndilo neno la mwenye elimu.

SISI TULIOKO JUU

Sasa turudi kwenye lile swali la mtoto. Maji yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa watu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Zubayr bin Al-Awwam (R.A.) aligombana na mtu mmoja wa Ansari kwa ajili ya mfereji uliokuwa ukimwagilia mitende yao Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa upande wa juu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr amwagilie shamba lake, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Wa juu hakunyimwa haki ya kutumia, lakini hakupewa haki ya kuyazuia.

Ndugu zetu, sisi ndio tulioko juu. Jirani yetu wa chini si wa Tunduma pekee. Ni mvuvi wa Kyela, ni mkulima wa Karonga, ni mwanamke anayechota Luapula, ni mfugaji wa Kamsamba. Tunapokata miti kwenye vyanzo na kulima hadi ukingoni mwa kijito, udongo unateremka na kujaza mito. Mto Songwe wa Nyasa, unapofurika katika tambarare ya Kyela, hubadili njia yake, na mkulima huamka akakuta shamba lake liko upande wa pili. Kwa kuwa mto ule ni mpaka, hapo linakuwa jambo la nchi mbili. Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo ili zishirikiane kuutunza.

Upande wa Rukwa jambo ni zito zaidi. Mto unaokwenda baharini huchukua uchafu na kuusambaza mbali. Rukwa haina pa kuupeleka. Zebaki wanayoitumia wachimbaji wadogo wa dhahabu, ikiachiwa vijitoni, hufikia ziwani na kukaa huko. Huingia kwa samaki, na samaki huingia sahanini. Mwanafunzi aliyesoma fiqhi anajua kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama yasiyokwenda. Ziwa Rukwa, kwa ukubwa wake wote, ni maji yasiyokwenda nje. Basi na tupime wenyewe kuhusu sumu, ikiwa mkojo umekatazwa.

Kwa hiyo tunanasihiana haya:

(a) Tutawadhe kwa kiasi, wala tusifungue bomba likamwagika huku tunazungumza.

(b) Tukinge maji ya mvua ya mabati kwa mapipa na matangi, majumbani na misikitini. Anayekaa mgongoni hana mto, lakini ana paa.

(c) Tusitupe taka wala mifuko katika mifereji. Mfereji wa Tunduma ni mwanzo wa mto wa mtu mwingine.

(d) Tupande miti kwenye vyanzo na tuiachie kingo za vijito nafasi.

(e) Wazazi, watoto wakisafiri pamoja nanyi kwenda Mbeya, Kyela au Kamsamba, waonyesheni mito na muwaulize: huu unakwenda wapi?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mito miwili inayoitwa Songwe, na mahali kila mmoja unapoishia.

2. Eleza safari ya maji kutoka Chambeshi hadi Atlantiki kwa kutaja maziwa na mito inayopita.

3. Kwa nini maji ya Ziwa Rukwa yana magadi na ya Nyasa ni matamu?

4. Kwa nini majahazi kutoka baharini hayakuweza kufika bara kupitia mito?

5. Kisa cha Zubayr (R.A.) kinatufundisha nini sisi wakazi wa Tunduma?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atunyeshee mvua yenye kheri isiyo na madhara, na atujaalie tuwe majirani wema kwa wote walioko chini yetu. Yaliyo sawa katika makala haya ni kwa tawfiki yake, na yaliyokosewa ni kutoka kwetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.